Msumari wa Kumwagia Kelele

Miaka yote niliyouza vifaa vya usalama kazini pale Kariakoo, niliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba kizuia kelele hujaa. Namaanisha kile kifaa cha kuvaa masikioni, vikombe viwili vilivyounganishwa na upinde wa kupita kichwani. Nilijua kinakusanya kelele kutwa nzima kama ndoo chini ya bomba bovu, na jioni ni lazima ukitundike kifudifudi, midomo ya vikombe ikitazama sakafu, ili kelele zidondoke. Usipokitundika, mteja wa kesho anavaa za jana na za leo kwa mpigo.

Chekeni, vijana wangu wa dukani. Mmeniomba niwaandikie namna ya kumhudumia mzazi anayekuja kumtafutia kizuia kelele mtoto mwenye usonji, kwa sababu siku hizi wanakuja wengi na mimi nimeshastaafu, niko Ilala nakunywa kahawa na kuwasumbua majirani. Nitawaandikia. Lakini hadithi yenyewe haieleweki bila msumari, na msumari hauelewiki bila Mzee Kibwana.

Mzee Kibwana alikuwa mtunza stoo. Siku yangu ya kwanza nilifika na shati lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Bosi wetu, Bwana Pratap, ambaye duka alilirithi kwa baba yake, alinitazama kuanzia juu mpaka chini akauliza, "Athumani, saizi ya buti unajua kusoma?" Nikasema najua. "Basi nenda stoo, Kibwana akufundishe hizo nyingine." Usaili wangu wote ndio huo.

Kibwana akanipitisha kwenye helmeti, glavu, miwani ya kuchomelea, gambuti. Akafika ukutani, kwenye msumari mmoja mrefu wenye kutu.

"Kijana, huu unauona?"

"Nauona, mzee."

"Huu ni wa kumwagia. Hiki kizuia kelele cha kujaribishia wateja, kila jioni unakitundika hapa, kifudifudi. Kimekula nyundo na jenereta kutwa nzima. Unadhani vinakwenda wapi vyote hivyo?"

"Sijui, mzee."

"Ndiyo maana umeajiriwa, ujue."

Hakucheka hata kwa jicho. Jioni ile nikasogeza sikio karibu na kikombe, na kweli bwana, nikasikia *shiii*, kelele zinatoka taratibu kama upepo kwenye tairi. Tangu hapo, hata ungenipa kitabu cha kupinga, ningekitumia kufungia karanga.

Baadaye nikajiunga na masomo ya jioni ili nipate cheti cha kidato cha nne. Darasa letu lilikuwa na makonda, mama ntilie na fundi cherehani mmoja aliyekuwa akisinzia kwa sauti. Siku ya fizikia mwalimu akaandika ubaoni: nishati haipotei, hubadilika tu. Nikainua mkono juu kuliko wote. "Mwalimu, na kelele ni nishati?" Akasema ndiyo. Nilikaa chini nimevimba kwa furaha. Elimu ya serikali ilikuwa imethibitisha msumari wa Mzee Kibwana! Naye Bwana Pratap kila akiniona natundika alidhani naanika jasho la wateja, akawa anawaambia watu, "Huyu Athumani msafi sana." Basi hakuna aliyenisahihisha.

Umaarufu wangu lakini haukutokana na msumari. Ulitokana na nyundo. Wachomeleaji na wakata vyuma wa mtaa wa Gerezani walikuwa hawanunui kitu kwa maneno. Kwa hiyo nilikuwa na kipande cha bomba la chuma chini ya kaunta. Mteja anavaa kizuia kelele, mimi napiga bomba karibu na sikio lake, *ngwaaa!* Wapita njia wanaruka, machinga wa nje anaangusha soksi zake, mteja mwenyewe anatabasamu kama yuko msikitini. Biashara imekwisha. Walikuwa wanasema nyundo yangu inasikika mpaka Mchikichini, na ule upande wenye upepo, mpaka Zanzibar.

Sasa njooni kwa Mama Neema.

Mama Neema ni mtu wa Kilimanjaro, anauza vitenge vya jumla mtaa wa nyuma yetu. Mwanamke wa haraka. Anaweza kukukunjia kitenge, kukupa risiti na kukuuliza habari za mkeo kwa pumzi moja. Asubuhi moja akaingia dukani taratibu, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitisha. Amemshika mkono binti wa kama miaka minane, nywele zimesukwa zikawekwa shanga, na binti ameziba masikio kwa viganja vyake vyote viwili, viwiko vimetoka nje kama mabawa.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba, mama. Na huyu mjukuu wangu?"

"Huyu ndiye Neema. Ana usonji. Kelele zinamuumiza, si kumsumbua tu, zinamuumiza. Na Kariakoo hii unaijua."

Naijua. Siku hizi hata muuza pini ana spika. Inarudia neno moja, "Buku! Buku! Buku!" yaani kila kitu elfu moja, kuanzia asubuhi mpaka betri ilie. Ukiongeza bodaboda, jenereta na mpiga debe, mimi mwenyewe mtu mzima huwa najisahau jina nikifika kona ya sokoni.

Mama Neema akanieleza shida yenyewe. Mdogo wake, Upendo, alikuwa anakaribia kuolewa, na kabla ya harusi kuna sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao. Upendo ndiye aliyemlea Neema tangu mchanga. Alitaka waingie ukumbini wameshikana mikono, mama mdogo na mwanawe. Lakini kaka yao mkubwa, mwenye duka la vipuri Gerezani, alikuwa ameshatamka kwenye kikao cha familia: mtoto abaki nyumbani na dada wa kazi. Sherehe iliyopita, ya ubatizo, matarumbeta yalipolia Neema alikimbia moja kwa moja mpaka barabarani. Gari lilifunga breki mbele yake.

"Kaka anasema ni kwa usalama wake," Mama Neema akasema. "Na mimi sina la kumjibu. Lakini Upendo akiondoka hapa anaenda Mwanza. Neema anajua. Kila siku ananiambia, 'Nitamshika mkono.' Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, mama," nikasema, kifua mbele. "Umefika."

Nikaenda stoo nikatoa kizuia kelele kikali kuliko vyote. Kile cha wapasua mawe. Kizito kama matofali mawili yaliyooana, upinde wake unabana mpaka unaanza kukumbuka mambo ya utotoni. Nikakifuta vumbi, nikampa mama amvalishe, na kabla sijatafakari, mkono wangu ukafanya ilivyozoea. Ukashuka chini ya kaunta, ukachukua nyundo.

*Ngwaaa!*

Sitaki kuwasimulia sana. Kizuia kelele kiliruka kikatua kwenye gambuti. Neema alikwenda chini ya kaunta, akajikunja, akawa anajibembeza mbele na nyuma huku analia sauti moja ndefu. Bwana Pratap akatoka ofisini. Mama Neema hakunitukana, na laiti angenitukana. Alipiga magoti pale sakafuni, akakaa pembeni ya mwanawe bila kumgusa, akasubiri. Nami nikasimama na nyundo mkononi kama mwizi wa mchana.

Muda ukapita. Neema akanyamaza. Akatoa mkono mmoja, akalichukua lile bomba nililoliangusha, akalisukuma polepole mpaka nyuma kabisa ya kaunta, ukutani. Kisha wakaondoka.

"Athumani," Bwana Pratap akaniambia, "hii miaka yote mimi nakuacha na hiyo nyundo sababu inauza. Leo imeuza nini?"

Nililiacha bomba palepale alipoliweka mtoto. Kesho yake nikaenda dukani kwa Mama Neema mwenyewe, nikaomba radhi mbele ya wafanyakazi wake, nikamwomba anifundishe. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mzee, wewe ndiye muuzaji." Nikamwambia, "Mama, mimi nauzia watu wanaotengeneza kelele. Wanaoumizwa nazo siwajui." Hapo tukaanza kazi upya. Sasa shikeni haya, kwa maana ndiyo mliyoniomba.

Wakaja siku ya Jumapili, mtaa umepoa, mlango wetu nusu wazi. Nilikaa juu ya boksi la buti ili nisiwe mlingoti. Vizuia kelele nilivipanga mezani, nikanyamaza. Kunyamaza! Mke wangu alipoambiwa hakuamini, alisema apelekewe picha.

Neema hakunitazama. Alivitazama vifaa. Alikuwa akikichukua kimoja, anakinusa, anakibonyeza mto laini wa ukingoni kwa kidole gumba, anakirudisha. Vingi alivikataa kwa pua tu. Mama yake akanieleza kwamba harufu ya mpira mpya kwake ni kelele nyingine. Tangu siku hiyo nikawa nakifuta kila kifaa kwa kitambaa chenye maji, nakianika kivulini, ndipo namkabidhi mtoto.

Kile kikali cha wapasua mawe nilikiondoa mwenyewe. Mama alikuwa ameniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mchomeleaji: "Akikivaa, akiitwa atasikia?" Maana ukimfungia mtoto dunia yote, na mama yake naye umemfungia nje. Tunachotaka ni kupunguza makali, sauti ya mtu wa karibu ipite. Na kikali ndicho kinachobana zaidi. Mtoto anayeumizwa na kelele hatatulizwa kwa kuumizwa kichwa.

Halafu shanga. Nilihangaika na vile vikombe, kila kimoja kinavuja, mpaka nikagundua misuko inapita chini ya mto na kuacha mwanya. Mto lazima ukae kwenye ngozi, sikio lote ndani. Mama akazifunga nywele nyuma, mwanya ukafa. Wachomeleaji hawana shanga, ningejuaje?

Na hedifoni za muziki msimuuzie mtu kwa kazi hii kwa sababu tu zinafanana. Mama Neema alikuwa ameshanunua moja ya mtumba kule Mchikichini, nzuri, inang'aa, lakini kelele zilikuwa zinapita humo kama abiria asiye na tiketi.

Basi Neema akafika kwenye cha kijani. Chembamba, chepesi, cha saizi ya mtoto. Akakinusa, akakivaa. Nje ikapita bodaboda moja.

Akakivua. "Ina kelele," akasema.

Akaingiza kidole ndani ya kikombe, akagonga gonga. Mimi nikaelewa mara moja. Nikamwambia mama yake kwa sauti ya daktari bingwa, "Mama, hiki kimejaa. Kimekaa dukani wiki nzima karibu na spika za machinga na hakuna aliyekimwaga. Niachie, nikitundike."

Mama Neema, mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu anayejua kitenge feki kwa kukinusa gizani, alinitazama kwa makini. "Mzee, una hakika?"

"Mama, hiyo ni fizikia. Nishati haipotei."

Alikuwa mtu wa adabu. Alisema tu, "Sawa, baba."

Nikakitundika msumarini, kifudifudi. Na kwa kuwa sitaki mchezo na mambo ya watu, nikatundika na kingine cha kijani kutoka boksi hilohilo. Waliporudi siku chache baadaye, Neema akavaa kile cha kwanza. "Ina kelele." Akaingiza kidole, akagonga. Akakishika hiki mkono huu, kile mkono ule, akavipima kama mama anayechagua nazi. Akavaa kile cha pili. Ikapita bodaboda. Ikapita nyingine. Nje spika ikaanza, "Buku! Buku!" Neema akakaa juu ya boksi pembeni yangu, akaanza kuhesabu matundu ya kamba za buti.

Mama yake alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa naangalia msumari na kusema moyoni, Mzee Kibwana, Mungu akuweke pema. Kile cha kwanza nikakirudisha msumarini, nikiamini kina kelele sugu, kinahitaji muda.

Kununua si mwisho. Nilimwambia mama, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa amenifundisha kufikiri hivyo: asimvalishe kwa mara ya kwanza siku ya shughuli. Aanze nyumbani, pametulia, kidogo kidogo, akiwa anacheza. Avae mwenyewe, avue mwenyewe, kikae shingoni akikihitaji. Na asikivae kutwa nzima, sikio lisije likasahau dunia ya kawaida. Yeye akaongeza ya kwake: akazungumza na MC, akaomba kiti karibu na mlango wa pembeni, akamwonyesha Neema ukumbi ukiwa mtupu.

Kaka mtu hakushawishika. Alipita dukani kwetu kununua glavu akaniambia, "Mzee, hiki kidude chako kikishindwa, mimi ndiye nitakayemkimbiza barabarani, si wewe." Nikamjibu kwa majigambo, nikimwita kwa heshima ya Kichaga, "Mangi, kikishindwa, mimi navaa hili helmeti mwaka mzima, mpaka kitandani." Lakini alipoondoka, ile picha ya gari kufunga breki ikawa inanilaza macho.

Sendofu ilikuwa ukumbi mmoja wa Ilala. Nilialikwa, nikakaa karibu na mlango mkubwa, mguu mmoja nje kabisa, tayari kukimbia. MC ameshika kipaza sauti kama anataka kukimeza. Makubaliano yalikuwa hivi: Upendo na Neema waingie, wakae, Neema avae kizuia kelele, *ndipo* matarumbeta yaanze.

Mlango ukafunguliwa. Upendo ameng'aa, Neema pembeni yake katika gauni la kitenge kilekile alichovaa Upendo, kizuia kelele cha kijani shingoni. Wako katikati ya ukumbi, mbali na kiti, mbali na mama, na wapiga matarumbeta, ambao nadhani hawajawahi kuheshimu makubaliano tangu shaba igunduliwe, wakapuliza. Vitambaa vya meza vilipepea. Meno yangu ya bandia yalihama.

Nilimwona kaka mtu akiruka kutoka kitini. Nilimwona Mama Neema ameweka mkono mdomoni. Neema akasimama. Uso ukakunjamana, mabega yakapanda, na mguu mmoja ukarudi nyuma kuelekea mlango, kuelekea kwangu, kuelekea barabarani.

Kisha akainua mikono yote miwili. Akakichukua kizuia kelele shingoni, akazirudisha nywele nyuma, akavaa kikombe cha kulia, akavaa cha kushoto, akabonyeza mito kwa vidole gumba. Taratibu, kama alivyozoea sebuleni kwao. Upendo alisimama kumsubiri. Ukumbi mzima ulimsubiri. Akanyoosha mkono, akaushika wa mama yake mdogo, wakatembea mpaka mbele.

Alikaa mpaka keki. Alikaa hata ndafu ilipoingia, yule mbuzi mzima wa kuchoma na majani mdomoni, huku matarumbeta yakimpigia kama rais. Upendo alipomlisha keki Neema wa kwanza kabla ya wazee wote, kaka mtu aliinama kwenye leso yake kwa muda mrefu sana, akasema ni pilipili. Baadaye akanijia pale mlangoni, akatupa jicho kwa MC aliyekuwa akipiga mayowe, akanong'ona, "Mzee, vile vinapatikana saizi yangu?"

Neema alipotoka kupumzika uani, kizuia kelele akakiweka kwenye kiti. Nikakikumbuka kwa huruma. Kimekula matarumbeta, MC na vigelegele vya Wachaga wote wa Dar. Bila shaka kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Nikakichukua kwa uangalifu kisije kikamwagika, nikaenda pembeni ya maua, nikakigeuza kifudifudi, nikaanza kukikung'uta.

Neema alikuja akasimama mbele yangu.

"Babu, unafanya nini?"

"Namwaga kelele, mjukuu wangu, ili kesho kiwe chepesi."

Alikichukua mkononi mwangu. Akakaa chini, akachomeka ukucha chini ya mto, akaung'oa kama mtu anayemenya chungwa. Ndani kulikuwa na kipande cheusi kinene. Akakitoa, akanibonyezea kidoleni, kikarudi polepole. Akachungulia ndani ya kikombe kitupu, akanigeuzia nami nichungulie.

"Kelele haikai humu, Babu," akasema. "Humu kunakaa sponji. Ile ya kwanza uliyoitundika haikuwa na sponji."